Njia ya Damu: Hoja Kuhusu Kanuni za Afya katika Biashara ya Tatuu na Kutoboa Mwili

Mwaka 1961 Bodi ya Afya ya Jiji la New York ilipiga marufuku tatuu. Isipokuwa daktari, tena kwa sababu za matibabu tu, hakuna aliyeruhusiwa kuingiza wino chini ya ngozi ya mtu mwingine ndani ya jiji hilo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: wagonjwa wa homa ya ini walikuwa wamefuatiliwa hadi kwenye vibanda vya wachoraji wa Coney Island, ufukwe wa starehe ulioko Brooklyn. Wachoraji walikwenda mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, na mwaka 1966 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikathibitisha kwamba Bodi ilikuwa na mamlaka ya kufanya ilichofanya. Marufuku hiyo ilidumu miaka 36. Ilipoondolewa mwaka 1997, wachoraji hawakuanza kuja mjini siku hiyo. Walikuwapo muda wote, wakichora vyumbani mwao kwa wateja walioelekezwa na marafiki, mahali ambapo mkaguzi wa afya hana mlango wa kubisha.

Afrika Mashariki haijafuata njia hiyo. Mchora tatuu wa Dar es Salaam au Nairobi hukutana na serikali hasa kama mfanyabiashara mdogo: anadaiwa leseni au kibali, kodi na ada ya taka. Dola hutamka jambo la wazi kuhusu tatuu kwenye matangazo ya ajira ya polisi, ambamo mwombaji hutakiwa asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Hapo tatuu ni suala la tabia na nidhamu. Sindano iliyomchora, maji yaliyochanganywa na wino wake na mikono ya aliyemchora haviulizwi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni ya kumlinda mteja haina budi kufuata njia ambayo damu na vijidudu hupitia kazini, hatua kwa hatua, na kila hatua iwe na kitu ambacho afisa afya anaweza kukiona au kukipima. Marufuku haifanyi hivyo. Cheti kilichotundikwa ukutani nacho, kikiwa peke yake, hakifanyi hivyo.

Tuanze na virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Mfanyakazi asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu iliyoambukizwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU katika ajali ya namna hiyo ni takriban asilimia 0.3. Hata hivyo, katika mazungumzo yetu ya mitaani kuhusu sindano, UKIMWI ndio unaotajwa na homa ya ini husahaulika. Dalili zake, kama zitatokea, huchukua kati ya siku 60 na 150. Aliyechorwa mwezi wa Januari anaweza kuugua mwezi wa Mei, na kufikia hapo kidonda kimepona, picha inapendeza, na hakuna anayeikumbuka kama chanzo. Kwa hiyo daftari la wateja, lenye jina, simu, tarehe na namba ya toleo la wino, lina uzito sawa na glavu. Mwaka 2015 huko Newport, Wales, baada ya wateja kadhaa wa duka moja la kutoboa mwili kupata maambukizi mabaya, mamlaka za afya ziliwaita mamia ya watu wakapimwe damu. Bila kumbukumbu, watu hao wangeitwa kwa kutumia nini?

Sindano safi haitoshi. Huko Oregon, Marekani, mwaka 2000, vijana waliotobolewa masikio kwenye kibanda kimoja ndani ya jengo la maduka walianza kufika hospitali wakiwa na masikio yaliyovimba na kutunga usaha. Saba walithibitishwa kuambukizwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, na baadhi yao walibaki na masikio yaliyoharibika umbo. Uchunguzi uliishia kwenye chupa ya kupulizia kipukusi, yaani dawa ileile iliyokuwapo ili kuua vijidudu. Ilikuwa ikijazwa tena na tena, na bakteria wakaota ndani yake. Kosa la pili lilikuwa kutumia bastola ya kutobolea, kifaa kilichoundwa kwa ajili ya ndewe, kwenye gegedu la juu ya sikio. Gegedu lina damu kidogo; likisagwa kwa kishindo cha springi, uambukizo hupata makao na dawa huchelewa kufika. Mtu angeweza kukikagua kibanda hicho, akakuta dawa ipo mezani, akaweka alama ya vema na kuondoka.

Kisa cha Rochester, jimboni New York, kinatisha zaidi kwa sababu huko fundi alikuwa akifuata taratibu. Mwishoni mwa 2011 watu 19 waliochorwa na mchoraji mmoja walipata vipele vikaidi kwenye sehemu zenye rangi ya kijivu tu. Alikuwa akitumia glavu na vifaa vya kutumika mara moja. Bakteria, Mycobacterium chelonae, alikuwa ndani ya wino wenyewe, na alipatikana hata katika chupa ambayo haikuwa imefunguliwa. Wino mweusi ulikuwa umezimuliwa kiwandani kwa maji yaliyokenekwa. Maji hayo, ambayo sisi tunayafahamu zaidi kwenye betri za magari, yameondolewa chumvi na madini; hiyo haimaanishi kwamba hayana vijidudu. Kanuni inayoishia mlangoni mwa duka isingemsaidia yeyote kati ya wale 19.

Umoja wa Ulaya umeelewa jambo hili, angalau kwa upande wa kemikali. Tangu Januari 2022, zaidi ya kemikali 4,000 zimewekewa mipaka au kuzuiwa katika wino wa tatuu, na wachoraji wa huko walilalamika sana, hasa kuhusu rangi fulani za buluu na kijani ambazo ziliongezewa mwaka mmoja wa neema. Kwetu jambo hili lina upande wake wa hatari. Wino usiouzika tena Ulaya hauachi kuwapo duniani. Hutafuta soko lisilouliza maswali, na chupa inayoagizwa kwa simu hufika sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, kama mzigo mwingine wowote.

Watu wa sheria watauliza: je, usajili hautoshi? Uingereza iliujaribu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliwataka wachora tatuu na watoboa masikio wajisajili, wao wenyewe na majengo yao, na ikazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo za usafi. Mwaka 2003 aina nyingine za utoboaji wa urembo zikaongezwa. Udhaifu wake ni kwamba halmashauri ilikuwa na nafasi finyu mno ya kumkataa mwombaji. Aliyenunua mashine jana angeweza kusajiliwa leo bila kuulizwa kama anajua tofauti kati ya kusafisha na kutakasa, yaani kuua vijidudu vyote. Wales ilipoamua kwenda mbele, sheria yake ya afya ya jamii ya 2017 ilidai leseni inayoambatana na mafunzo yenye mtihani juu ya kuzuia maambukizi, na mfumo huo ulianza kufanya kazi Novemba 2024. Miaka saba kati ya kupitishwa kwa sheria na kuanza kutumika ni mingi, na wapo watakaosema ni uzembe. Mimi naona ni gharama halisi ya kuandaa wakaguzi, mitaala na fomu. Sheria nyingi za kwetu hupitishwa bila kulipia gharama hiyo.

Kuna pingamizi zito zaidi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaihesabu tatuu kuwa haramu, na Wakristo wengi husimama kwenye Mambo ya Walawi 19:28. Kwa nini dola isimamie usafi wa jambo ambalo jamii inalikataa? Jibu langu haligusi fatwa wala mahubiri. Homa ya ini aina ya B huambukizwa pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mke wa aliyechorwa hakuchorwa kitu, na mtoto wake hajui hata tatuu ni nini. Kanuni za usafi huwalinda wao pia. Kutoboa, tena, si mambo ya vijana waliopotoka: mabinti wa pwani wametogwa masikio vizazi na vizazi kwa sindano na uzi, kipini cha pua ni pambo la heshima, na chale za mganga huchanjwa kwa wembe usioulizwa umetoka wapi. Sheria ikilenga tatuu za mjini peke yake itakuwa imekamata tawi dogo. Ilenge kila kazi ya malipo inayopasua ngozi nje ya hospitali, iwe ya saluni, ya ufukweni au ya kilingeni.

Piko inaivuruga kidogo hoja yangu ya damu. Hapa hakuna sindano wala tone la damu, lakini madhara yapo. Hina halisi ni majani. Piko ni rangi nyeusi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD, ambayo Ulaya huiruhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na haiiruhusu kuchorewa kwenye ngozi. Kwenye fukwe za Zanzibar na Mombasa huchorewa watalii na watoto wao bila kupimwa. Baadhi huondoka na malengelenge yenye umbo kamili la ua walilochorwa, na mzio unaobaki maisha yote. Afisa afya anayepita ufukweni hana sababu ya kuangalia sindano akaliacha bakuli la piko.

Sasa kuhusu gharama, ambapo naona wataalamu wetu wengi hukosea. Kanuni ikinakiliwa kutoka Cardiff, mji mkuu wa Wales, ikiwa na mashine zake zote, fundi wa chumba kimoja kule Eastleigh, Nairobi, hataimudu. Atafunga mlango wa mbele na kuendelea kwa mlango wa nyuma, na tutakuwa tumefika New York ya 1961 kwa njia ya ada. Kwa mchora tatuu kuna njia rahisi zaidi: sindano na vishikio vya kutumika mara moja, vilivyotakaswa kiwandani, vyenye tarehe ya mwisho kwenye pakiti na kufunguliwa mbele ya mteja. Huyo hahitaji mashine ya kutakasia kwa mvuke kwa sindano zake. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, usizimuliwe ila kwa maji yaliyotakaswa, na kumbukumbu ya chupa yake ihifadhiwe.

Anayetoboa yuko katika hali tofauti, maana hereni na koleo lazima vitakaswe. Kuchemsha hakutoshi. Spora za bakteria hustahimili maji yanayochemka, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94 tu. Kinachotakiwa ni mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za selisiasi kwa dakika 15 hadi 30 kulingana na mzigo, au 134 kwa dakika chache, na mashine ipimwe kwa spora sugu za majaribio kuthibitisha kwamba zimekufa. Zahanati na vituo vya afya vingi tayari vina mashine hizo. Sioni kwa nini kituo kisiweze kumtakasia fundi vifaa vyake kwa ada ndogo, kikamwandikia risiti yenye tarehe, na risiti hizo zikawa ndizo zinazokaguliwa. Bastola ya plastiki isiyoweza kuingia kwenye mvuke haina hoja ya kuitetea. Ipigwe marufuku kwenye gegedu na puani. Na sindano zilizotumika ziingie kwenye boksi la usalama, lirudi kituoni, lisiishie kwenye jalala wanakochezea watoto.

Sharti la mwisho, ambalo ningeliweka la kwanza, ni chanjo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini aina ya B, na sehemu kubwa ya maambukizi mapya, asilimia 63, ilitokea Afrika. Tanzania na Kenya ziliingiza chanjo hiyo katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mchoraji mwenye miaka 30 leo, kwa hiyo, alizaliwa kabla yake, na huenda hana kinga, huku akiinamia damu za wateja kila siku. Dozi tatu ndani ya miezi sita zinamtosha.

Hakuna haja ya kusubiri bunge la taifa. Halmashauri za Tanzania Bara zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria namba 7 na 8 za mwaka 1982, na mabunge ya kaunti za Kenya yana mamlaka ya kutunga sheria za huduma za afya za kaunti. Madiwani na wawakilishi wa wadi walio na fukwe, vyuo na masoko makubwa ndani ya maeneo yao waanze na mambo manne yasiyohitaji bajeti kubwa: daftari la wateja, pakiti inayofunguliwa mbele ya mteja, risiti ya utakasaji na kadi ya chanjo ya fundi. Maafisa afya wapewe orodha hiyo, na waanze ukaguzi kwa kuwaalika mafundi kujisajili bila faini kwa mwaka wa kwanza.