INI LETU, SEHEMU YA 3: Linaota upya, sasa kwa nini linashindwa?

Baada ya sehemu ya 2 swali lililojirudia ni hili: kama ini lina uwezo wa kuota upya, mbona watu wanakufa kwa ugonjwa wa ini? Swali zuri sana. Na sehemu kubwa ya jibu lake imepatikana hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye karanga na mahindi ya watu kama sisi.

Tuanze na huko kuota. Mwaka 1931 nchini Marekani, watafiti Higgins na Anderson waliwafanyia panya upasuaji, wakaondoa theluthi mbili za ini. Baada ya muda mfupi ini likarudia ukubwa wake. Halioti kama mkia wa mjusi, hapana. Kile kipande kilichobaki ndicho kinachojaa, seli zake zikigawanyika moja kuwa mbili. Ndo maana leo mzazi anaweza kumkatia mwanawe kipande cha ini na wote wawili wakaishi. Wanasayansi wamebishana miaka mingi kama kazi hiyo inafanywa na seli za kawaida za ini au na seli shina, yaani seli za akiba ambazo bado hazijachagua kazi. Kwa ini zima, ushahidi mwingi unaonyesha ni seli za kawaida. Za akiba zinatafutwa zaidi pale ini linapokuwa limechakaa.

Sasa sikiliza hapa. Kila seli inapogawanyika inanakili maelekezo yake yote. Ini likiumizwa leo, kesho na keshokutwa, linanakili bila kupumzika, na ndani yake makovu yanazidi kujaa. Kukiwepo kitu kinachoharibu maandishi wakati wa kunakili, nguvu ile ile ya kuota ndiyo inayozaa saratani.

Kitu hicho kiligundulika kupitia bata mzinga. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa zaidi ya 100,000, na walipopasuliwa maini yao yalikutwa yameharibika. Chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Watafiti wakaanza kupima karanga za nchi nyingine, na ni kwenye karanga za Uganda zilizokuwa na sumu kali ndipo walipoitoa kuvu yenyewe, Aspergillus flavus. Ukichukua herufi A, ukaongeza fla, ukamalizia na toksini, unapata aflatoksini. Sisi tunaiita sumukuvu, na kwangu jina letu ni zuri zaidi, maana linajieleza lenyewe.

Swali likawa: je, binadamu? Uganda, mwaka 1966 na 1967, zilikusanywa sampuli 480 za vyakula. Karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu, na maeneo yaliyokuwa nayo kwa wingi ndiyo yaliyokuwa na saratani ya ini kwa wingi.

Lakini utafiti ninaoupenda mimi ni wa Murang'a, Kenya, wa Peers na Linsell, uliochapishwa 1973. Hawa hawakuishia sokoni. Walipima chakula kilichopikwa, kama kinavyoliwa nyumbani. Murang'a ina miinuko mirefu yenye baridi na ina maeneo ya chini yenye joto, kwa hiyo wakalinganisha. Kadiri unavyoshuka, sumu kwenye chakula inaongezeka, na saratani ya ini nayo inaongezeka. Mtu wa Milanzi atasema basi sisi tuko juu Ufipa, kwenye baridi, tumepona. Taratibu. Mahindi yaliyoingizwa ndani kabla hayajakauka hayajali uko juu au chini, na karanga za uji wa mtoto unajua zimetoka wapi? Halafu angalia tena: sumu ile ilipimwa kwenye chakula ambacho kimeshapikwa. Moto wa jikoni hauimalizi.

Ikiingia nyingi kwa mara moja, haisubiri saratani. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwetu Tanzania ikaja 2016, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Macho ya njano, matumbo na miguu kuvimba. Mwanzoni uliitwa ugonjwa wa ajabu, na ugonjwa ukishaitwa hivyo unajua watu wanaanza kumtazama nani. Sisi ambao jina la mji wetu linatafsiriwa "tupa uchawi" tunalijua hilo vizuri. Maabara ikapima damu na mahindi, jibu likawa sumukuvu.

Kuna mshirika wake: kirusi cha homa ya ini B, ambacho Baruch Blumberg alikigundua miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel 1976. Utafiti wa Shanghai uliotoka 1992 ulionyesha kwamba mwenye vyote viwili, kirusi na sumukuvu, hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa mara zipatazo 60 ya asiye na kimojawapo. Kirusi kinalilazimisha ini kujikarabati kila siku, sumu inaharibu nakala. Taiwan walianza kuchanja vichanga 1984, na kufikia 1997 waliripoti saratani ya ini kwa watoto imepungua karibu nusu. Tanzania chanjo hiyo imo kwenye ratiba tangu 2002, na tangu 2009 imo ndani ya ile sindano ya Penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kadi ya mtoto sasa hivi uhesabu kama zimetimia tatu.

Mahindi anika juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Yaliyooza na karanga zilizosinyaa chambua kabla ya kusaga, na usimpelekee ng'ombe wa maziwa, sumu inapita kwenye maziwa. Hata ya mama inapita kidogo, lakini usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Chagua chakula chako.

Sehemu ya 4 ni manjano ya kichanga, ambayo ni habari nyingine kabisa. Maswali yawekeni hapo chini.