Mitihani ya Kiingereza Oman: Kiswahili na Kiarabu vinavyomsaidia na kumpotosha mtahiniwa

Kijana anayemaliza darasa la 12 Ibra, Sur au Nizwa hukabiliana na Kiingereza mara mbili katika muda mfupi. Kwanza ni mtihani wa Diploma ya Elimu ya Jumla, ambao alama zake hutumika kushindania nafasi za masomo kupitia Kituo cha Udahili wa Elimu ya Juu kilichoundwa mwaka 2005. Kisha, anapofika chuoni, hupimwa kiwango chake cha lugha. Asipokifikia, huingizwa katika programu ya msingi, na masomo ya shahada humngoja mpaka aimalize.

Viwango vya programu hiyo vilitolewa mwaka 2008. Miongoni mwa yanayotakiwa ni kuandika matini ya maneno yasiyopungua 250, kwa kuzingatia tahajia, muundo wa sentensi, sarufi na msamiati. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha vyuo vya awali, kina matawi katika miji yote mitatu. Kwa hiyo suala hili linagusa nyumba nyingi.

Baadhi ya nyumba hizo ni za Waswahili. Kutoka Sharqiyah na Dakhiliyah familia nyingi zilihamia Zanzibar na bara ya Afrika Mashariki, na wengi wa vizazi vyao walirejea baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970. Mtoto wa nyumba kama hizo huingia katika chumba cha mtihani akiwa na lugha mbili kichwani, Kiarabu na Kiswahili. Vitabu vya mazoezi vinavyouzwa madukani havikuandikwa kwa ajili yake, wala havimwonyeshi ni wapi lugha hizo zitampotosha.

Kosa lenye asili mbili

Mfano ulio wazi ni sentensi ya kirejeshi. Kwa Kiswahili husemwa "kitabu nilichokinunua", na Kiarabu nacho huongeza kiwakilishi cha kitabu mwishoni mwa kitenzi. Hivyo mtahiniwa huandika "the book which I bought it", na sikio lake halioni ubaya wowote, kwa kuwa lugha zake zote mbili zinamuunga mkono. Kiingereza hakiitaki hiyo "it". Kosa la namna hii haliondoki kwa kukariri kanuni mara moja. Huhitaji mazoezi ya kuandika na kusahihishwa.

Maneno madogo "a" na "the" nayo ni mtihani ndani ya mtihani. Kiswahili hakina hata moja kati yake. Kiarabu kina "al" pekee, tena hukitumia hata pale jambo linapotajwa kwa ujumla. Matokeo yake mwanafunzi huyo huyo huandika "he is teacher" akiiacha "a", na mstari wa pili huandika "the life is hard" akiongeza "the" isiyohitajika.

Kiambishi -me-

Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa, ingawa walimu wachache huutumia. Anayejua tofauti ya "aliondoka" na "ameondoka" tayari ana msingi wa kutenganisha "he left" na "he has left". Lakini msaada huo una mipaka. "Amevaa kanzu" si "he has worn", bali ni "he is wearing". "Amelala" ni "he is asleep". Kadhalika, katika mazungumzo husemwa "amefika jana" bila tatizo, ilhali Kiingereza hakikubali "he has arrived yesterday". Na anayesema "naishi Nizwa tangu mwaka 2015" atashawishika kuandika "I live", wakati jibu sahihi ni "I have lived".

Msamiati

Kukariri kamusi kwa mpangilio wa alfabeti ni kupoteza usiku. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma. Orodha hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayekwenda chuoni. Neno "familia" lisipitwe. Mswahili anayepata "msomaji", "masomo" na "somesha" kutokana na "soma" anaelewa haraka kwa nini "analyse", "analysis" na "analytical" hujifunzwa pamoja, na maswali ya kuunda maneno hupima jambo hilo hilo.

Kinachomshinda zaidi ni maneno yanayoandamana. Kitenzi "fanya" hubeba kazi, kosa na uamuzi. Kiingereza husema "do work" lakini "make a mistake" na "make a decision". Neno lisiandikwe daftarini peke yake, bali pamoja na mwenzake.

Aina ya mtihani

Ni lazima kujua mtihani wenyewe umejengwaje. TOEFL ITP ina sehemu ya sarufi yenye maswali 40 kwa dakika 25, yaani chini ya sekunde 38 kwa kila swali. Hapo mtahiniwa hutafuta kwanza kiima na kitenzi, ndipo atazame majibu. IELTS haina sehemu ya sarufi peke yake, lakini katika kuandika, robo ya alama ni ya sarufi na robo nyingine ni ya msamiati. Kwa mtihani wa kwanza mazoezi ya kuchagua majibu kwa saa mkononi yanafaa. Kwa wa pili hayatoshi: mtahiniwa aandike insha nzima, mwalimu azungushie makosa duara bila kuyasahihisha, na mwanafunzi ayarekebishe mwenyewe. Makosa yanayorudi, kama ile "it" ya ziada, yawekwe katika ukurasa wake na kupitiwa upya kila baada ya siku chache hadi wiki ya mtihani.