Vibonzo vya Shujaaz: Kutoka Juha Kalulu hadi Sheng

Mwalimu mwenzangu, usilifukuze darasani jarida la vibonzo la Shujaaz kabla ya kulihakiki. Wasomaji wa Taifa Leo walimzoea Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha kwa Kiswahili. Shujaaz, iliyoanza 2010 na kugawiwa bure, iliteua Sheng. Mhusika wake Boyie amemaliza shule, hana kazi, akajificha nyuma ya jina DJ B na kutangaza redioni. Mwaka 2012 mradi huo ulitunukiwa Emmy ya kimataifa. Kwa maoni yangu, usawiri wake wa ukosefu wa ajira ni wa kweli, ingawa mafunzo hujitokeza waziwazi mno. Nawe mtahiniwa, Sheng hiyo usiipeleke kwenye insha. Ichanganue katika isimu jamii.