Kabureta ipi inaifaa Volkswagen Beetle inayotumika kila siku?

Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo kutengenezwa. Mengi ya yaliyobaki hutunzwa kwa ajili ya maonyesho, lakini yapo ambayo bado hupeleka watu kazini na watoto shuleni kila asubuhi. Kwa mwenye gari la namna hiyo, kabureta huzua maswali mengi: itengenezwe ya zamani, inunuliwe mpya, au zifungwe mbili za aina nyingine? Anayekosea hapotezi petroli tu. Kabureta isiyofaa inaweza kuunguza valvu, na mipira ya petroli iliyofungwa vibaya inaweza kuteketeza gari zima.

Kwa ufupi, gari la kila siku lenye injini ya kawaida linafaa kubaki na kabureta moja ya Solex ya ukubwa uliokusudiwa kwa injini hiyo, ikiwa nzima na imefungwa pamoja na distributa inayoendana nayo. Kabureta mbili zina faida zake, lakini zinahitaji fundi anayezijua na mwenye gari aliye tayari kuzirekebisha mara kwa mara.

Kabureta hufanya kazi gani?

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye silinda. Injini ikivuta hewa, hewa hiyo hupita kwenye koo jembamba la kabureta. Hapo kasi yake huongezeka, mgandamizo wake hushuka, na petroli hufyonzwa kupitia vitundu vidogo vya shaba viitwavyo jeti. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote.

Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito: gari hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi na tanki huisha haraka. Petroli ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi: injini husita unapokanyaga mafuta, na joto hupanda.

Kwa Beetle, joto hilo ni hatari kubwa zaidi kuliko kwa gari lenye rejeta, kwa sababu injini yake haina maji. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na hupozwa na upepo wa feni pamoja na oili. Katika injini za zamani, kipoza oili kilisimama ndani ya kasha la feni na kuzuia sehemu ya upepo uliopaswa kufika silinda namba 3. Silinda hiyo ndiyo inayojulikana kwa kukatika valvu ya ekzosi. Volkswagen ilikihamisha kipoza hicho kuanzia matoleo ya mwaka 1971, lakini magari mengi bado yana mpangilio wa zamani. Mchanganyiko mwepesi huongeza joto katika silinda ambayo tayari hupata upepo mchache.

Kusoma namba za Solex

Solex ni jina la Kifaransa, lakini kabureta nyingi za Beetle zilitengenezwa Ujerumani na Brazil kwa kibali. Namba na herufi zake hugongwa ubavuni. Katika 34 PICT-3, kwa mfano, 34 ni kipenyo kwa milimita cha koo pale kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta kilipo.

Injini ndogo za 1200 zilitumia kabureta za milimita 28. Injini za 1300 na 1500 za katikati ya miaka ya 1960 zilikuja na 30 PICT-1. Injini ya 1600 ya miaka ya 1970, yenye matundu mawili ya kuingizia hewa kila upande, ilikuja na 34 PICT-3. Kufunga ya 34 juu ya injini ya 1200 hakuongezi nguvu. Hewa hupita polepole kwenye koo pana, petroli haifyonzwi vizuri, na gari huwa zito kuondoka kwenye foleni.

Angalia pia umeme. Choki ya kabureta hizi hufunguliwa na waya unaopashwa moto na betri. Beetle nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitumia volti 6, na za baadaye volti 12. Choki ya volti 12 kwenye gari la volti 6 huchelewa kufunguka, na injini huendelea kunywa petroli nyingi hata ikishapata moto. Ile ya volti 6 ikifungwa kwenye gari la volti 12 huungua.

Je, tatizo ni kabureta kweli?

Kabureta nyingi hubadilishwa bila kuwa na kosa. Injini inayomisi, kuzimika au kusita inaweza kuwa na pointi zilizolika, valvu zenye nafasi isiyo sahihi, au hewa inayoingia pasipotakiwa. Kwenye injini ya 1600 yenye matundu mawili, manifoldi imeunganishwa kwa mipira miwili. Mipira hiyo ikipasuka, hewa huingia bila kupita kwenye kabureta na mchanganyiko huwa mwepesi. Hakuna kabureta mpya inayoweza kuponya hilo. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kurekebisha valvu injini ikiwa baridi, kisha pointi na taimingi, kisha kutafuta mahali hewa inapovuja, na kabureta iwe ya mwisho.

Kabureta yenyewe ina ugonjwa mmoja mkubwa: kulika kwa tundu unamozunguka mhimili wa kile kilango. Zima injini, shika mkono unaovutwa na waya wa mafuta, uutikise juu na chini. Ukicheza waziwazi, hewa inaingia hapo na injini haitatulia gari linaposimama. Fundi mwenye mashine ya kukerezea anaweza kuweka bushi mpya za shaba. Mara nyingi kabureta ya asili iliyofanyiwa hivyo, ikaoshwa na kuwekewa gaskiti na sindano mpya ya boya, hufanya kazi vizuri kuliko nakala mpya ya bei nafuu. Anayenunua nakala aifungue kwanza, akaze jeti zake, na kuhakikisha kuwa sindano inazuia petroli boya linapopanda.

Kosa jingine hutokea wakati wa kurekebisha. Kwenye 34 PICT-3, mwendo wa injini gari likiwa limesimama hurekebishwa kwa skrubu kubwa ya ubavuni, wala si kwa ile inayosukuma mkono wa kilango. Fundi aliyezoea 30 PICT-1 akigusa skrubu isiyo yenyewe, kilango hubaki wazi kidogo na mpangilio mzima huharibika. Kabla ya hapo, angalia pia kama waya wa umeme unaokwenda kwenye kabureta haujachomoka. Kabureta hizi zina kizibo cha umeme kinachofungua njia ya petroli ya mwendo huo, na waya ukichomoka injini huzimika kila unapoachia mafuta.

Kabureta moja au mbili?

Hoja ya kufunga mbili si ya kupuuzwa. Kabureta moja hukaa katikati ya injini pana, na mchanganyiko husafiri kwenye bomba refu kwenda pande zote mbili. Njiani, petroli hupoa na kugeuka matone. Ndiyo maana manifoldi ya Beetle ina bomba la pili linalopitisha moshi wa moto wa ekzosi chini ya kabureta ili kuipasha joto. Bomba hilo likiziba kwa masizi, injini husita hasa asubuhi ya baridi, na barafu huweza kujitengeneza ndani ya manifoldi.

Kabureta mbili, moja kila upande, hufupisha safari hiyo. Volkswagen yenyewe ilifanya hivyo kwenye gari la 1500 S la mwaka 1963. Leo wenye magari huchagua zaidi Weber 34 ICT, yenye koo moja kila upande, au Solex za Brazil zijulikanazo kama Kadron. Kwa injini ya 1600 ya kawaida, hizo zinatosha kuleta wepesi unaohisiwa barabara kuu. Weber 40 IDF, yenye makoo mawili kila upande, inafaa zaidi injini iliyoongezwa ukubwa au kuwekewa kemshafti nyingine.

Gharama yake huonekana baadaye. Kabureta mbili huunganishwa kwa vyuma vinavyopaswa kufungua vilango vyote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukitangulia, silinda mbili hufanya kazi ya nne. Kadiri injini inavyopata moto, hutanuka na vyuma hivyo husogea. Kuzilinganisha kunahitaji kifaa cha kupima hewa inayoingia kila upande. Vichujio ni viwili, choki mara nyingi hakuna, na plagi huwa ngumu zaidi kufikiwa. Mtu anayeamka alfajiri kuwahi kazini, na ambaye fundi wake hana kifaa hicho, anapata faida ndogo kwa usumbufu mkubwa.

Distributa isiyosahauliwa

Kabureta na distributa ni jozi. 34 PICT-3 ilitengenezwa kufanya kazi na distributa inayosogeza cheche kwa kutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta. Wengi huiondoa na kuweka Bosch 009, ambayo husogeza cheche kwa kasi ya mzunguko peke yake. Matokeo yake ni kusita kunakojulikana sana: ukikanyaga mafuta kutoka mwendo mdogo, gari hukaa kimya kwa nukta chache kabla ya kwenda. Wamiliki wengi hulaumu kabureta na kununua nyingine, kisha kusita kukabaki palepale. Distributa ya mvuto wa hewa ikirudishwa, mara nyingi tatizo huisha.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa

Beetle ina historia Afrika Mashariki. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Njia za ukanda huu zina mtihani mmoja kwa kabureta: tofauti ya mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Jeti zilizowekwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Mombasa hutoa mchanganyiko mzito Nairobi. Gari hupoteza nguvu na kula petroli, lakini injini haipati madhara ya haraka.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Fundi wa Nairobi akiweka jeti ndogo ili kubana petroli, gari likashuka pwani likiwa limejaa abiria na mizigo, mchanganyiko huwa mwepesi pale pale joto la nje linapopanda. Anayesafiri mara kwa mara kati ya miinuko hiyo heri awe na jeti inayofaa pwani na avumilie petroli inayozidi kidogo huko juu. Rangi ya plagi itamwambia mengi baada ya safari: kahawia hafifu ni salama, nyeusi ya masizi ni nzito, nyeupe ni onyo.

Hatari ya moto

Moto katika Beetle mara nyingi huanza kwenye mipira ya petroli. Mipira hukauka na kupasuka, na bomba dogo la shaba lililopachikwa kwenye kabureta linaweza kulegea na kuchomoka. Petroli ikimwagika juu ya distributa na injini ya moto, mwili wa injini yenyewe ni wa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishashika moto huzimika kwa shida sana. Badilisha mipira yote kila kabureta inapofunguliwa, tumia klipu, na usiweke kichujio cha petroli kikining'inia juu ya distributa. Mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari, mahali ambapo dereva anaufikia.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kulipa, mwenye gari anaweza kuuliza mambo manne. Injini hii ni ya ukubwa gani, na ina tundu moja au mawili kila upande? Distributa iliyomo ni ya mvuto wa hewa au 009? Jeti zitakazowekwa ni namba ngapi? Na kama ni kabureta mbili, zitalinganishwa kwa kifaa gani? Andika majibu na namba za jeti kwenye karatasi ikae ndani ya gari, ili fundi atakayefuata ajue alichokikuta.