Kenya: Vyama hupita, taasisi hubaki na mzigo

Wakenya wameshiriki chaguzi kuu tano tangu mwaka 2002, na kila mara mshindi wa urais aliingia Ikulu kwa tiketi ya chama au muungano tofauti na ule ulioshinda awali. Mwai Kibaki alishinda kwa NARC mwaka 2002, kisha akatangazwa mshindi kwa PNU mwaka 2007. Uhuru Kenyatta aligombea mwaka 2013 kupitia TNA ndani ya muungano wa Jubilee, na mwaka 2017 kupitia Chama cha Jubilee. Mwaka 2022 William Ruto alishinda kwa UDA.

Hali hiyo ni kinyume kabisa na enzi za KANU, kilichotawala tangu uhuru wa mwaka 1963 hadi 2002. Mwaka 1982 katiba ilirekebishwa na kukifanya kuwa chama pekee halali. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na vyama vingi vikarejea.

Kwa nini vyama havidumu?

Vyama vingi nchini humo huundwa kumzunguka kiongozi mmoja na ngome yake ya kura. Kwa kuwa hakuna eneo linaloweza kumpa mtu urais peke yake, viongozi huungana kabla ya uchaguzi na mara nyingi hutengana baadaye. NARC, kwa mfano, ilisambaratika baada ya kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 ilikusudia kurekebisha hali hiyo. Ili kisajiliwe kikamilifu, chama sharti kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hata hivyo, sheria huweza kudai orodha ya wanachama. Haiwezi kuwapa sauti ndani ya chama.

Mzigo wa taasisi

Chama kisipodumu, mwananchi hubaki akizitegemea tume na mahakama. Mwaka 2007 upinzani haukuwa na imani na mahakama, na mgogoro wa matokeo ukaishia mitaani. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao.

Katiba ya mwaka 2010 iliunda Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne kati ya sita walifuta ushindi wa Kenyatta kutokana na kasoro katika upelekaji wa matokeo. Kenyatta aliikosoa hukumu hiyo vikali, lakini aliitii. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26, ingawa Raila Odinga aliususia.

Mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka hadharani fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Hata hivyo, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya mwisho. Tofauti ya wagombea wawili wakuu ilikuwa takriban kura 233,000. Mahakama iliuthibitisha ushindi wa Ruto, na upinzani haukurejea katika umwagaji damu wa 2007.

Kiti kilichokaa wazi

Taasisi nazo hudhoofika zisipotunzwa. Tangu mapema mwaka 2023 hadi Julai 2025, IEBC haikuwa na makamishna, huku wanasiasa wakivutana juu ya uteuzi wao. Bila makamishna, chaguzi ndogo hazikuweza kufanyika. Wakazi wa Banissa, kaunti ya Mandera, waliompoteza mbunge wao Machi 2023, walisubiri hadi Novemba 2025 kumchagua mwingine.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Miungano mipya huenda ikazaliwa kabla ya siku hiyo. Lakini fomu zitajazwa na kujumlishwa na tume ileile, na malalamiko yatasikilizwa na mahakama ileile.