Ethnografia ya Mahali pa Kazi

Ethnografia ya mahali pa kazi ni utafiti ambao mtafiti huingia kazini pamoja na anaowachunguza, kwa miezi au hata miaka, akifanya wanayoyafanya na kuyaandika kila siku. Neno lenyewe limetoholewa, na ni afadhali libaki hivyo: kulifasiri kuwa "maelezo ya makabila" kungempotosha msomaji, kwani kiwanda au wodi ya hospitali si kabila. Mbinu yake kuu huitwa ushuhudiaji shirikishi, istilahi inayojieleza: kushuhudia tu ni kazi ya mkaguzi, kushiriki tu ni ya kibarua. Mahali pa utafiti huitwa uwandani. Wengine husema nyanjani.

Mfano bora ni wa Donald Roy, aliyeendesha mashine ya kutoboa vyuma katika karakana moja ya Chicago, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Malipo yalihesabiwa kwa kipande. Kazi yenye bei nzuri ilipopatikana, wafanyakazi walichapa hadi kiwango walichokubaliana wenyewe, kisha wakajivuta hadi kengele, wakijua kwamba anayezidisha huwaponza wenzake: bei hupunguzwa. Kazi ya bei mbaya waliizembea, maana kima cha chini walilipwa vyovyote vile. Roy aliandika hata mapato yake mwenyewe, akawa naye sehemu ya data. Hayo hakuna ambaye angeyajaza kwenye dodoso la mgeni.

Miaka 30 baadaye Michael Burawoy aliajiriwa kiwandani akiwa mwendesha mashine, akaja kugundua kuwa ni kiwanda kilekile alichofanyia kazi Roy. Katika kitabu chake cha 1979 alidai kwamba mchezo huo wa kufukuzia kiwango ndio unaomfanya mfanyakazi aridhie kumtajirisha mwajiri. Afrika Mashariki nayo imo: Ralph Grillo alichunguza wafanyakazi wa reli mjini Kampala, akachapisha kitabu mwaka 1973.

Ugumu mkubwa huanzia mlangoni. Aliyeletwa na menejimenti hudhaniwa mpelelezi wa bosi. Aliyejificha huwasaliti wenzake. Muda mrefu hupunguza shaka, ila hauondoi wajibu wa kuficha utambulisho wa watu. Ndiyo maana Burawoy alikipa kiwanda hicho majina ya kubuni: Geer kwa enzi ya Roy, Allied kwa enzi yake.