Shirazi wa chupani

Neno mvinyo tulipewa na Wareno, kama tulivyopewa meza. Mizabibu yenyewe ilikuja Dodoma baadaye sana, mikononi mwa wamisionari, na hadi leo jina la Bihawana mnywaji wa divai haelezwi mara mbili. Dodoma ina jua, mvua haba na mavuno mawili kwa mwaka. Mkulima wa Ufaransa ana moja.

Kati ya zabibu nyekundu za huko, mbili nilitaka kuzikutanisha siku nyingi. Makutupora imechukua jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji wa Dodoma. Syrah ndiyo ile ambayo Waaustralia wanaiita Shiraz. Tulizikutanisha Ngerengere kwa sababu nyepesi tu: mwenzetu mmoja anakaa huko, na treni inasimama. Reli ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam 1905 na kufika Morogoro 1907, kwa hiyo Ngerengere imezoea kuona vitu vya bara vikipita bila kushuka. Safari hii chupa mbili zilishuka.

Rafiki yetu wa Makunduchi hanywi pombe, basi ndiye tukampa kazi ya kumimina. Akazifunga chupa kwa magazeti, akaandika A na B. Wanywaji tulikuwa wanne. A ulikuwa mwepesi, na uchachu wa ukwaju kwa mbali. B mzito, mweusi, unakausha ulimi kama chai iliyochemka mno. Akauliza: upi una jina kubwa? Watatu tukasema B. Na upi mtamu kwenu? Watatu tena, ila sasa tukasema A.

Magazeti yakavuliwa. A ilikuwa Makutupora.

Yaani jina tulilinusa sawasawa, halafu ulimi ukakataa kulifuata. Kule Paris, tarehe 24 Mei 1976, hali ilikuwa mbaya zaidi: waamuzi wa Kifaransa, bila kuona chupa, waliupa mvinyo mwekundu wa Stag's Leap kutoka California nafasi ya kwanza mbele ya wakubwa wa Bordeaux. Sisi angalau hatukuwa na heshima ya taifa mezani.

Lakini mmiminaji wetu alikuwa ameshika chupa ya pili. "Shiraz? Huyu si ndugu yangu huyu!" Kwao ni Washirazi, na anajua kulitamka neno hilo kifua mbele.

Ikabidi nimweleze. Hadithi ilisema zabibu hii ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi, ikaletwa Ufaransa na askari wa vita vya msalaba. Hadithi tamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa California na Montpellier wakapima DNA, wakakuta wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu za kusini-mashariki mwa Ufaransa. Uajemi haimo kabisa.

Sasa na sisi je? Habari za Kilwa zinasema Ali bin Hassan alitoka Shiraz na kuanzisha usultani, na kwa miongo mingi wasomi waliichukulia hiyo kama ngano ya watu wanaotafuta ukoo wa kifahari. Siwalaumu, mimi pia nilifundishwa hivyo chuoni. Halafu Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani na bara yake. Damu ya Kiajemi imo, ilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, na iliingia zaidi kupitia wanaume.

"Kwa hiyo mwongo ni mzabibu," akasema.

"Mzabibu, ndiyo."

"Na upande wa mama?"

Nikamwambia: Waafrika, karibu wote.

"Ah, hilo bibi yangu alikuwa akilisema bila kupima," akajibu, akaendelea kumimina.